Koti la Kiti cha Nyuma

OLIMBIA: Haloo? Nani mwenzangu?

ZISIS: Mimi, shemeji. Zisis.

OLIMBIA: Zisis, uko wapi wewe? Saa nne kasisi anaanza arobaini ya mkeo, ngano ya kumwombea marehemu nimeshaimwagia sukari, wewe bado huja—

ZISIS: Niko mlimani, juu ya mji wa Metsovo. Ukungu mtupu. Sikiliza, simu ina asilimia nne.

OLIMBIA: Ichaji basi. Si dada aliweka tundu la umeme kwenye hiyo pikipiki?

ZISIS: Aliweka yeye, mimi kazi yangu kuendesha. Nimelipata, chini ya kiti, kushoto. Halitoi kitu.

OLIMBIA: Umewasha ufunguo? Lile bila ufunguo halitoi—

ZISIS: Nimewasha. Alfajiri lilikuwa linachaji, likakata njiani sijui saa ngapi.

OLIMBIA: Fyuzi imeungua. Umechomeka nini kingine?

ZISIS: Simu tu.

OLIMBIA: Usinifiche. Nimekulia duka la betri la baba mie. Simu peke yake haiunguzi fyuzi.

ZISIS: Koti. Lile la umeme, la kupasha joto.

OLIMBIA: Lako si lilikufa mwaka juzi?

ZISIS: La marehemu. La Areti.

OLIMBIA: Na kitambi hicho? Limekuenea vipi?

ZISIS: Sijalivaa. [upepo] Nimelifunga kiti cha nyuma, alipokuwa anakaa yeye. Mgongo unaniuma kwa baridi, shemeji. Miaka ishirini na sita sikuwahi kusikia baridi mgongoni.

OLIMBIA: (anaweka simu mezani, anafunika bakuli la ngano)

ZISIS: Haloo? Upo?

OLIMBIA: Nipo. Inua kiti. Areti hakuwa mtu wa kukosa akiba. Tafuta utepe mweusi.

ZISIS: Ngoja... [mkwaruzo] ...ipo. Fyuzi moja. Kaandika juu yake, "Zisis, usiguse."

OLIMBIA: (anacheka, anapenga kamasi) Leo gusa. Toa iliyoungua, weka hiyo. Lakini chomeka kitu kimoja tu, umenisikia? Ukirudia viwili, inaungua, na nyingine huna.

ZISIS: Kimoja.

OLIMBIA: Simu. Ikuonyeshe njia. Wewe kushoto na kulia ulikuwa unapigwa begani na marehemu, bila hivyo utatokea Albania.

ZISIS: Alikuwa ananipiga kweli.

OLIMBIA: Umeshaweka?

ZISIS: Nimeweka. Taa imewaka. [mkwaruzo] Hivi njia panda za kuja kwenu ni mbili au tatu?

OLIMBIA: Nne. Zisis, chomeka simu.

ZISIS: Nitauliza watu.

OLIMBIA: Kwenye ukungu huo utamuuliza nani, mbuzi?

ZISIS: Koti limeanza kupata moto, shemeji. Nalishika hapa. Asilimia moja.

OLIMBIA: Wewe mtu wewe... Basi shika haraka. Ya kwanza kushoto. Ya pili kushoto tena. Ya tatu, kwenye banda la yule muuza asali, unapinda ku— haloo? Zisis?

[laini imekatika]

OLIMBIA: Haya. Njooni salama, wote wawili.