Bwana Kishindo, Shujaa Aliyefia Kitandani

Ndugu, majirani, na nyinyi mliomjua marehemu kwa vitabu vya katuni tu, poleni kwa msiba. Jana baadhi yenu mlinong'onezana mlipomwona mjane anatabasamu huku akipokea pole. Wasifu huu, unaosomwa na shemeji yake marehemu, umeandikwa ili mtu asiondoke hapa na dukuduku lake.

Marehemu Bwana Kishindo alizaliwa tarehe 14 Juni 1949, mtoto wa tatu wa seremala na mshona mashuka, katika chumba kilichokuwa juu ya karakana ya baba yake. Alimponyoka mkunga mikononi, na badala ya kuanguka akabaki anaelea karibu na taa. Baba yake aliuliza kutoka mlangoni kama ni wa kiume au wa kike. "Subiri kwanza ashuke," mkunga alimjibu. Alishukia ndani ya beseni la maji, na maji yakamwagika chumba kizima. Kupaa alijaliwa, kutua hakujaliwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957. Darasani aliingia kwa dirisha, na mara nyingi dirisha lenyewe lilikuwa limefungwa. Mwalimu wa hesabu alimuuliza siku moja, "Wewe, mlango huujui?" Akajibu kwa adabu, "Naujua, mwalimu, lakini nikiuona huwa nimeshaupita." Baba yake akawa anaweka karakanani fremu za akiba, zimepakwa rangi kabisa. Sekondari alikaa miaka miwili, kisha akaondoka kwa ridhaa ya pande zote mbili.

Mwaka 1971 alijiunga na kikosi cha mashujaa wa jiji. Kila mwezi visa vya kikosi vilichorwa katika kitabu cha katuni. Jalada lilikuwa la mkuu wa kikosi, aliyeitwa Radi. Kishindo alipewa ukurasa wa mwisho, na mara nyingi ilichorwa miguu yake tu, imechomoza kwenye pipa. Watoto walizoea kukisoma kitabu kile kuanzia nyuma. Kazi yake inayokumbukwa zaidi ni ya Aprili 1983, alipowashukia majambazi watatu waliokuwa wakitoka posta, akawalaza chini wote. Radi akamuuliza, "Ulijuaje kwamba watapita uchochoro huu?"

"Sikujua, mkuu. Mimi nilikuwa naenda mtaa wa pili."

Jiji zima lilivunjika mbavu. Naye alicheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa, lakini mkewe alijua kwamba kicheko kile kilimchoma.

Mke huyo alimpata kwa njia yake ile ile. Alikuwa fundi wa kushona magodoro, na marehemu alipasua bati akamwangukia juu ya lundo la pamba. Alirudi kesho yake kuziba bati, akaanguka tena, na safari hii inasemekana alikusudia. Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1978. Kabla ya kukubali posa, bibi harusi alitoa sharti moja. "Mimi sitaki kuitwa barabarani kuja kuokota mume. Utafia kitandani kwako."

"Nitajitahidi."

"Sikusema ujitahidi."

Sharti hilo hakuliacha mikononi mwa mumewe, alimjua. Alishona magodoro ya mabaki ya pamba, akagawa moja kwa kila nyumba ya jamaa na kila jirani, na wote wakazoea kulitandika uani asubuhi kama mtu anavyofungulia kuku. Hata hivyo, yeye mwenyewe hakuwahi kulala mumewe akiwa nje. Alijilaza tu, macho kwenye bati, akisikiliza.

Mwaka 2018 moyo ulianza kumsumbua marehemu. Daktari alimruhusu kupaa kimo cha kiti, basi. Sasa, mashujaa wana desturi yao. Anayeona siku zake zimekwisha hutoka kwa kazi ya mwisho, akafia huko huko, na jalada zima linakuwa lake. Mhariri wa kitabu alipokuja kumjulia hali alimwambia, "Mzee, jalada lako lipo. Tunakusubiri wewe tu." Mkewe aliyasikia hayo akiwa ameshika sinia la chai. Alimpa mgeni chai yake, akamsindikiza mpaka nje, na kofia ya kazi ya mumewe akaificha nyuma ya magunia ya pamba.

Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 2019 kreni iliyumba kwenye jengo refu la mjini, ving'ora vikalia. Mkewe alipotoka karakanani kwake, kitanda kilikuwa kitupu na dirisha limevunjika. Alikimbia mtaa mzima na aproni yake, mkasi mkononi, akiangalia juu. Anasema hakuwa analia, alikuwa amekasirika mno.

Marehemu alifika nyumba ya tano tu. Moyo ulimwishia nguvu juu ya ua wa fundi saa, na fundi saa, kwa mazoea, alikuwa ameshatandika godoro. Alimkuta mgeni wake kalala chali anatazama mawingu. "Karibu," alimwambia. "Chai ya rangi au ya maziwa?" Kreni ilishushwa na Radi, salama, na hakuna aliyeumia.

Mkewe alipofika, marehemu alifunika uso kwa mikono. "Nilitaka mara moja tu nife bila kuchekwa," alisema.

Mkewe alikaa kwenye godoro. "Wanaokucheka ndio hao wanaokutandikia. Huyo aliyekuahidi jalada amekutandikia nini?"

Marehemu alikunywa chai, akarudi nyumbani kwa miguu, ameshikwa mkono, na hakupaa tena. Ile miaka miwili na ushei iliyofuata, dada yetu anasema, ndiyo iliyokuwa mitamu kuliko yote.

Marehemu alifariki tarehe 3 Machi 2022, asubuhi, kitandani kwake. Mkewe alikuwa amemgeuza upande wa dirishani. Alitazama chumba, kioo, taa, beseni, kila kitu mahali pake. "Leo sijavunja kitu," alisema. Mkewe akamwambia siku bado ndefu. Akacheka, akafumba macho, na mkono wake ukabaki ndani ya mkono wa mkewe.

Ndiyo maana mjane anatabasamu. Huzuni anayo, tena nyingi, lakini ile hofu aliyoishi nayo tangu siku ya posa imemtoka, na familia inamshukuru Mungu pamoja naye.

Ameacha mjane, binti ambaye ni fundi wa vioo, mtoto wa kiume ambaye ni mwalimu, wajukuu wanne, mmoja wao akiwa ameanza kuelea kidogo, shemeji huyu anayesoma, na majirani wote.

Bwana Kishindo apumzike kwa amani. Na dada yetu, kuanzia leo, alale.