Mheshimiwa Atabo Lomorukai: Wodi Ilipokamilika, Tulikuwa Tumeshamchoka

Jumamosi tarehe 24 Septemba 2022, mjini Lodwar, tutamuaga Mheshimiwa Atabo Lomorukai baada ya miaka ishirini ya kuitumikia wadi yetu ya ng'ambo ya mto Tarach, huko Kakuma. Alianza kama diwani baada ya uchaguzi wa mwaka 2002, na kaunti zilipoanza akawa mwakilishi wetu katika Bunge la Kaunti. Kamati ya maandalizi imenipa kurasa mbili za programu hii na kuniomba niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajitahidi. Lakini nimekuwa msimamizi wa ofisi yake kwa muda mrefu, na wengi watakaokaa kwenye meza za mbele siku hiyo nawafahamu vizuri, na najua walikuwa wapi siku alipowahitaji. Nyama ikiwakwama kidogo kooni wakisoma haya, watanisamehe.

Kadi ya mwaliko inasema Mheshimiwa anastaafu. Hilo ni neno la adabu. Ukweli ni kwamba alistaafishwa, tena hakustaafishwa na wapinzani. Wapinzani hawakuwahi kumshinda hata mara moja. Waliomshinda ni watu wake mwenyewe.

Tuanze na ya kuchekesha. Alipochaguliwa diwani alikuwa mama mwalimu wa chekechea, hana gari wala wa kumpa lifti ya heshima. Kikao chake cha kwanza alikuja Lodwar juu ya lori la mbuzi, akashuka sokoni, akajipangusa, akaingia ukumbini na shanga zake shingoni. Mwenyekiti wa wakati huo alinusa hewa akauliza ni nani aliyeingiza mbuzi kwenye kikao. Mheshimiwa alisimama akasema ni wapiga kura wake, wamemsindikiza. Ukumbi ulicheka, naye akatumia kicheko hicho hicho kuomba kisima, akapewa.

Baadaye alipata Land Cruiser, iliyokuwa kuukuu tayari siku aliyoipata. Mimi na yeye tumeisukuma kwenye mchanga wa laga zote, ile mito yetu mikavu, unazozijua kati ya Kakuma na Nadapal. Alikuwa akisukuma huku amevaa viatu vya kikao. Ukimwambia apande ndani ashike usukani, anakuambia yeye ndiye mzito, bora awe nyuma.

Sasa niseme habari ya zahanati ya mabati, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata.

Kuelekea uchaguzi wa mwaka 2007 watu walimkalia kooni. Walitaka kitu cha kuonekana kwa macho. Yeye akiwa bado mgeni wa siasa, akaharakisha, zahanati ya mabati ikasimama katika muda wa msimu mmoja wa kiangazi. Ilifunguliwa kwa ngoma. Watu walimbeba mabegani kutoka hapo hadi barabarani, wakamrudisha madarakani kwa kura za kutisha. Zahanati yenyewe haikuwahi kupata maji. Muuguzi aliyepangiwa alifika, akaingia ndani saa sita mchana, akatoka, akaomba uhamisho. Dawa hazikuja. Kufikia mwaka uliofuata mbuzi ndio waliokuwa wakilala humo, na wapo hadi leo.

Hakuna aliyemlaumu. Tuliridhika na jengo. Aliyeshindwa kuridhika ni yeye. Kila tukipita pale alikuwa akigeuza uso upande wa pili. Siku moja alimwambia dereva asimamishe gari, akashuka, akaenda kuchungulia ndani, akarudi akasema, "Benard, hii ndiyo kazi waliyonichagulia."

Kwa hiyo shirika moja lilipotaka kujenga wodi ya uzazi ndani ya kempi ya wakimbizi, Mheshimiwa alikwenda kuwaona akiwa na jambo moja kichwani. Aliomba wodi ijengwe upande wetu, karibu na barabara, iwahudumie Waturkana na wakimbizi kwa mlango mmoja, na iwe na chumba cha upasuaji ili mama akikwama asisafirishwe hadi Lodwar. Walikubali haraka kuliko alivyotarajia. Halafu mwanakandarasi akaja na habari njema: jengo lingeweza kukamilika kabla ya uchaguzi wa 2017.

Alikataa. Mimi mwenyewe nilimsihi asikatae. Alisema hawezi kufungua jengo kabla maji hayajafika, kabla umeme wa upasuaji haujapatikana, na kabla kaunti haijaweka sahihi ya kuleta wauguzi na daktari. Ardhi nayo ilikuwa ya jamii, ikabidi wazee wakae, wakubaliane, wakasirike, waondoke, waitwe tena. Nilimwona akikaa nao juani, kwenye kile kigoda chake kidogo, mkutano baada ya mkutano. Nilimwona pia akisubiri kwenye korido za ofisi za Lodwar mpaka wafagiaji wakamzoea na kumletea kiti.

Uchaguzi wa 2017 alipita kwa tabu. Baada ya hapo subira ya watu iliisha. Kila mahali aliulizwa wodi iko wapi. Alipoeleza habari ya mabomba na sahihi, watu walitazamana. Walisema amekuwa wa maneno. Walisema wadi nyingine zimepata mabati mapya, sisi tumepata mikutano. Walioanza kusema hivyo hawakuwa maadui. Walikuwa watu waliokula kwake, waliosomeshewa watoto kwa barua zake za basari, waliovaa fulana zenye sura yake mpaka zikapauka.

Mmoja wao alikuwa Ekiru. Huyu alikuwa kiongozi wa vijana wake wa kampeni, hodari, msemaji mzuri, na nasema wazi kwamba hasira yake haikuwa ya uongo. Vijana wetu wana vyeti na hawana kazi. Wanaona magari ya mashirika yakipita kutwa na vumbi ndilo fungu lao. Ekiru alikuwa amesubiri sana.

Mwezi wa Novemba 2021 yeye na wenzake walifunga barabara ya kwenda Lodwar kwa mawe, matawi ya miiba na matairi yanayowaka. Madai yao yalikuwa kazi kwenye mashirika. Mheshimiwa alikuwa ofisini Kakuma akiyapeleka madai hayo hayo kwa simu, pale mtu alipokuja mbio kusema gari la wagonjwa limezuiwa.

Ndani ya gari hilo alikuwa Akuol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, muuza chai wa karibu na stendi. Kila kijana aliyekuwa barabarani siku ile alikuwa amewahi kunywa chai ya Akuol. Uchungu ulikuwa umemshika tangu usiku, mtoto amekaa vibaya, na ilibidi apasuliwe Lodwar. Dereva alikuwa ameomba mpaka sauti ikamkauka. Aliambiwa gari la shirika halipiti.

Tulipofika, Mheshimiwa alishuka akawasalimu, "Ejok," na wakaitikia, kwa sababu salamu haikataliwi. Akamwambia Ekiru amfungulie mama aliye ndani ya gari.

Ekiru akasema, "Mheshimiwa, hii barabara leo haifunguki. Sisi tumengoja sana. Watu ya kempi wanapewa kila kitu, sisi tunaangalia tu."

"Mko sawa kuchoka," Mheshimiwa akamjibu. "Lakini huyu mama si yeye aliyewanyima kazi. Mumpitishe, halafu mfunge tena, na mimi nitakaa hapa na nyinyi."

Hakuna aliyesogea. Basi akaingia kwenye miiba kwa mikono yake na kuanza kuivuta kando. Mimi nilimfuata. Tulikuwa tumeondoa tawi la pili au la tatu jiwe lilipokuja likampata juu ya jicho. Damu ilimjaa usoni. Alijifuta kwa kitambaa cha kichwa na kuendelea kuvuta. Ekiru, na hili namwandikia kwa haki, ndiye aliyewapigia wenzake kelele waache, naye akaanza kusukuma mawe. Gari likapita.

Akuol alipona. Mtoto alifika Lodwar akiwa ameshafariki. Alikuwa msichana.

Polisi walimuuliza Mheshimiwa ni nani aliyerusha jiwe. Alisema jua lilikuwa limemchoma macho. Mimi nilikuwa kando yake, na jua lilikuwa nyuma yetu. Aliyerusha yupo, ni mzima, na kwenye orodha ya wageni wa Jumamosi jina lake limo.

Mngedhani baada ya siku ile watu wangeona haya. Kilichotokea ni kwamba zilianza kupita habari kuwa Mheshimiwa amenunuliwa na mashirika, kwamba anawapenda wakimbizi kuliko damu yake. Wakampachika jina, Mama Kempi. Redio moja ya Lodwar ilimwalika, na mimi nikamwandalia maneno makali ya kusema. Hakuyasema. Alizungumza kwa kirefu juu ya wauguzi waliokuwa wamekubali kuja. Mtangazaji alipomuuliza juu ya lile jiwe, alisema, "Wana haki ya kuchoka. Mimi pia nimechoka." Tulipotoka nje nilikuwa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo kwa waliompiga.

Kwenye mchujo wa chama mwezi wa Aprili alipambana na Ekiru, ambaye mabango yake yalisema Tumechoka Kungoja. Alishindwa katika kila kituo. Alishindwa hata pale penye zahanati ya mabati, walipombeba mabegani. Wenzangu, tulimpa kura kwa ajili ya jengo la mbuzi, tukamnyima kwa ajili ya wodi. Sijui namna nyingine ya kulisema hilo, na kamati ikitaka kulifuta basi ifute ukurasa mzima.

Wodi ilifunguliwa Julai. Maji yalikuwa yakitoka. Taa za chumba cha upasuaji zilikuwa zikiwaka. Wauguzi walikuwa wamepangwa mstari, na daktari alikuwa ameshahamia na familia yake. Mgeni wa heshima kutoka Nairobi, ambaye hakuna aliyemweleza chochote, alimwita Ekiru akate utepe kama kiongozi anayekuja. Mshereheshaji alisoma shukrani kwa wafadhili, kwa kaunti, kwa kampuni ya mabomba na kwa wapishi. Mheshimiwa, ambaye muhula wake ulikuwa hata haujaisha, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya akina mama, akipiga makofi kila jina lilipotajwa.

Akuol ndiye aliyekuwa na kazi ya kugawa chai. Alipita meza kuu bila kusimama, akammiminia Mheshimiwa kikombe cha kwanza. Mtu wa itifaki alimfuata akamnong'oneza kuwa amekosea mpangilio. Akuol akamwambia hajakosea. Halafu bibi Atiir, mkunga wa zamani ambaye amewazalisha nusu ya waliokuwa pale, aliinuka na fimbo yake katikati ya hotuba, akaenda hadi kwenye kile kiti cha plastiki, akamtemea Mheshimiwa mate ya baraka kifuani kama wazee wetu wanavyofanya, mara moja na tena. Mgeni wa heshima alikatiza hotuba. Alidhani kuna ugomvi.

Nilimwona Mheshimiwa akilia kwa mara ya kwanza. Sikuwahi kumwona akilia barabarani.

Tangu siku ile wanawake wengi wamejifungulia pale, wetu na wa kempi, na waliohitaji kupasuliwa wamepasuliwa pale pale. Wengine ni wake za vijana waliofunga barabara. Sijasikia hata mmoja wao akisema asante kwa aliyestahili. Kwa hiyo naisema mimi hapa, kwa maandishi, niwatangulie: asante, Mheshimiwa, kwa kutukatalia tulichokuwa tukikililia. Asante kwa korido zote zile. Asante kwa kuvumilia kuitwa mvivu na watu ambao wewe ndiye uliyekuwa ukiwahangaikia, mimi nikiwemo miongoni mwa waliokuharakisha.

Wiki iliyopita alikabidhi ofisi. Niliomba nisiwepo, akanikatalia. Alimpokea Ekiru mlangoni, akampa chai, kisha akakaa naye asubuhi yote akimweleza ni nani wa kumpigia mafuta ya jenereta yakikawia, ni afisa gani Lodwar anayesikia na yupi anayejifanya hasikii, ni mzee yupi wa kumwona kwanza juu ya uzio wa wodi. Alimwambia kila kitu. Mimi ningemwachia funguo na meza tupu.

Ekiru aliandika mpaka akachoka. Alipomaliza hakuinuka. Alitazama nje, ambako watu walikuwa wameshaanza kukusanyika kumngoja, kila mmoja na shida yake. Tangu ashinde uchaguzi wa Agosti wamekuwa wakija hivyo kila siku. Akauliza taratibu, bila ile sauti yake ya mikutano, "Mama, hawa watu watanipa muda gani?"

Mheshimiwa alifunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, akafunika lile kovu.

"Hawatakupa, mwanangu. Anza tu."

Akatoka kwa mlango wa mbele, akawasalimu wote waliokuwa wakingoja. Baadhi yao waliitikia bila kumtazama.

Baada ya Jumamosi atakwenda Lowarengak, kwa dada yake, ambako ana mbuzi wake na upepo wa ziwa, na ambako hakuna mtu anayemdai chochote. Mheshimiwa Atabo, nenda ukalale mpaka jua lipande. Ule samaki waliotoka ziwani siku hiyo hiyo. Simu zetu zikiita, usizipokee zote. Sisi wa ofisini tunakuombea afya, miguu mepesi na siku ndefu zisizo na mkutano, na tunakuomba radhi kwamba haya yote tunakuambia leo, ukiwa umeshafunga mizigo.

Benard Nakuleu
Ofisi ya Wadi, Kakuma