Mzee Alexander Bagenda na Jumapili za Wasikilizaji wa Pasiansi

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Kanyigo, na ninyi mliosafiri na mwili kutoka Mwanza, poleni na safari na poleni kwa msiba. Huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, alikuwa mtu wa kufurahi waziwazi. Familia imeomba wasifu wake usomwe hivyo hivyo, na atakayecheka asionekane hana adabu.

Marehemu Alexander Bagenda alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952 hapa hapa Kanyigo, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Antoni Bagenda na Mama Bernadetta Kokugonza, wakulima wa migomba na kahawa. Mama yake hakuchoka kusimulia Pasaka ya mwaka 1959. Alexander alitumwa chumvi dukani, bendi ya matarumbeta ya misheni ikapita barabarani, naye akaifuata mpaka parokia ya jirani. Katekista alimrudisha jioni, chumvi hana, sauti imemkauka. Badala ya kuomba radhi, akaanza kuwaonyesha dada zake jinsi lile tarumbeta kubwa lilivyokuwa linanguruma.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1960 hadi 1966, kisha sekondari Bukoba mjini hadi 1970. Mwaka 1971 alikwenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa vipimo vya maji. Huko bwenini, kwenye redio ya mwenzake, ndipo aliposikia jazi kwa mara ya kwanza. Alisema siku ile aligundua kwamba saksafoni inaweza kusikika kama mtu anayewaza kwa sauti.

Januari 1973 alipangiwa kazi Mwanza, idara ya maji, akaifanya kwa miaka thelathini na tisa hadi alipostaafu Agosti 2012. Kazi yake ilikuwa kusoma kina cha ziwa kila asubuhi na kukiandika. Wanawe wanakumbuka alivyoingia nyumbani akitangaza, "Limepanda sentimita mbili!" kama mtu aliyetoka uwanjani na timu yake imefunga. Wenzake kazini walimheshimu kwa sababu hakuwahi kuandika namba asiyoiona kwa macho yake.

Mwaka huo huo wa 1973 alijiunga na Ziwa Kuu Jazz Band, akakabidhiwa saksafoni ya bendi. Walipiga kila Jumamosi katika ukumbi mmoja mjini. Mwaka 1976 walirekodi nyimbo sita kwa ajili ya redio, na kati ya wanabendi hakuna hata mmoja aliyewahi kuzisikia zikirushwa. Oktoba 1977 Alexander alirudisha saksafoni na kuacha bendi. Tarehe 26 Novemba mwaka huo alifunga ndoa na Mwalimu Prudencia Kemilembe. Walijenga Pasiansi, huko huko Mwanza, na Mungu akawajalia watoto watatu: Dorotea, Antoni na Selina. Habari za bendi hazikuzungumzwa tena nyumbani. Watoto walikua wakijua baba yao anapenda muziki, basi.

Mwaka 2004 alikwenda mjini kutafuta sindano ya santuri. Akapita mbele ya duka la vitambaa la Bwana Mahesh na kusikia tarumbeta linalia ndani. Aliingia, akasimama katikati ya majora ya vitenge mpaka santuri ikaisha.

"Nikupimie ngapi?" Mahesh akamuuliza.

"Rudia upande ule ule," akajibu.

Hivyo ndivyo zilivyoanza Jumapili za Pasiansi. Kila Jumapili saa kumi alasiri, sebuleni kwa Mzee Bagenda, kila mtu alileta rekodi moja. Sharti lilikuwa moja tu: iwe umeisikia kwa mara ya kwanza hivi karibuni, na uwe tayari kueleza imekufanya nini. Kuleta ya zamani uliyoizoea ilikuwa kosa. Bwana Chenge, fundi wa matairi wa Igoma, alijiunga mwaka uliofuata. Bhumika, binti wa Mahesh, mfamasia, akaja mwaka 2019 na kuwakuta wazee wakipigiana kelele juu ya mpiga ngoma mmoja wa Afrika Kusini. Chenge alikuwa amesimama juu ya kiti akionyesha jinsi fimbo zilivyopita. Bhumika alisema baadaye kwamba alidhani kuna ugomvi, akataka kumrudisha baba yake nyumbani.

Sasa, Jumapili ya tarehe 14 Machi 2021. Walioikosa wamesimuliwa mara nyingi, lakini leo isemwe ilivyokuwa. Bhumika alifika na rekodi aliyoipata mtandaoni, kutoka kwa mtu aliyekuwa akihifadhi mikanda ya zamani ya redio. Maelezo yake yalikuwa mawili tu: Mwanza, 1976. Akaiweka kwenye spika. Magitaa yakaingia, kisha saksafoni.

Chenge alishika kichwa. "Hii ya hapa kwetu? Hapa hapa Mwanza? Mbona hatukuambiwa?"

Mahesh alikuwa amefumba macho. "Sikiliza anavyopanda. Sikiliza, bwana! Huyu mtu alikuwa wapi?"

Mzee Bagenda hakuafiki. Alikuwa na sikio kali na hakumwonea mtu haya. "Ana pumzi, sikatai," alisema. "Lakini anakimbia. Kijana hana subira. Anamaliza sentensi kabla hajaifikiria. Angepata mtu wa kumshika mkono..."

Hakumaliza. Mama Prudencia alikuwa mlangoni na sinia la chai. Sinia aliliweka sakafuni.

"Baba Dorotea," alisema, "unamsema nani?"

"Huyu mpiga saksafoni."

"Huyo si ni wewe?"

Mzee Bagenda aliitazama spika, akamtazama mkewe. Alisema si yeye, wapiga saksafoni walikuwa wengi, na wimbo ule kila bendi ya Mwanza iliupiga. Mama Prudencia akamwambia asikilize mahali anapovuta pumzi kabla ya kugeuza wimbo, kwani yeye alisimama nje ya dirisha la ule ukumbi Jumamosi nyingi kuliko anazoweza kuhesabu, na pumzi ile anaijua. Bhumika akarudisha nyuma. Pumzi ikasikika. Hapo Mzee Bagenda akaweka viganja usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Walidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kweli ninakimbia!" akapaza sauti. "Jamani, kweli ninakimbia!"

Chenge alipiga yowe, majirani wakatoka nje kuuliza kuna nini. Mahesh alikuwa na hasira ya kweli. Miaka kumi na saba ameketi na mpiga saksafoni na hajaambiwa! Ndipo Mama Prudencia akasema, mbele ya wote, jambo alilolibeba tangu 1977.

"Mimi ndiye niliyemwambia achague, bendi au nyumba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikaogopa. Tangu siku ile hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo limeniumiza."

"Nilichagua mwenyewe," Mzee Bagenda alisema. "Na nilichagua vizuri."

"Basi chagua tena. Safari hii chagua vyote viwili."

Chenge ndiye aliyepata saksafoni, ya kuazima, kutoka bendi ya kanisa moja kule Mkolani. Mwezi wa kwanza haikutoa kitu zaidi ya mlio ambao mbwa wa mtaa mzima waliujibu. Midomo ilivimba. Vidole vilikuwa vya mtu wa miaka sitini na nane. Mara mbili aliirudisha kwenye sanduku akisema basi, na mara mbili Mama Prudencia alilifungua sanduku, akaketi, akasubiri. Jumapili ya tarehe 7 Novemba 2021 aliwapigia wenzake wimbo ule ule wa mwaka 1976, taratibu sana, akiacha nafasi kati ya sentensi. Alipomaliza walimkumbatia mpaka miwani ikaanguka. Mahesh, aliyekuwa bado hajasamehe kabisa, akasema, "Yule kijana alikuwa na moto zaidi." Mzee Bagenda aliipenda kauli hiyo kuliko sifa zote, akawa anawasimulia wageni.

Februari 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alipata matibabu Mwanza, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole. Aliendelea kupiga mpaka Desemba mwaka jana, pumzi ilipopungua. Kusikiliza hakuacha. Tarehe 8 Juni mwaka huu, Jumapili yake ya mwisho, wenzake walikaa kuzunguka kitanda chake pale Pasiansi. Bhumika alileta rekodi ya piano, besi na ngoma, watu watatu tu, mpiga piano msichana wa miaka ishirini na mbili ambaye hakuna kati yao aliyewahi kusikia jina lake. Mzee alikuwa kimya tangu asubuhi. Katikati ya wimbo alifungua macho.

"Rudisha," alisema. "Hapo! Rudisha hapo!"

Walirudisha mara tatu. Aliomba ainuliwe aegemee mito, akasikiliza mpaka mwisho, kidole kikienda juu ya shuka.

"Kumbe bado wanatengeneza vitu namna hii," alisema, "na sisi hapa tulikuwa hatujui! Mahesh, umemsikia huyu binti?"

"Nimemsikia, Bagenda."

"Mtafuteni. Lazima ana nyingine."

Alifariki dunia Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili na miezi kumi.

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Prudencia, watoto watatu, Dorotea, Antoni na Selina, wajukuu watano, dada wawili na kaka mmoja. Ameacha pia Bwana Mahesh, Bwana Chenge na Bhumika, ambao familia imeagiza waandikwe hapa pamoja na ndugu. Jana jioni, wakiwa njiani kuja huku, Bhumika aliipata rekodi nyingine ya yule binti wa piano. Wameisikiliza watatu ndani ya gari, na wanasema ni nzuri kuliko ile ya kwanza.

Mwenyezi Mungu akupokee, Alexander, mwana wa Antoni na Bernadetta, na amani yake iwe mapumziko yako.