Majina Niliyoyapitia kwa Wino

Maneno haya aliyasimulia kwanza shangazi yangu, Myrna Hrycenko, mezani kwake mwezi wa Machi 1997, siku tisa baada ya babu yangu Orval kufariki, jeneza likiwa bado linasubiri ardhi ya Saskatchewan, iliyoganda kwa baridi, iyeyuke ndipo kaburi lichimbwe. Ni maneno ya babu mwenyewe alipokuwa akifa; kando ya kitanda chake walikuwa wawili tu, shangazi na kaka yake Lorne, ambaye ni baba yangu. Nayaandika kama alivyonipa.

Sikilizeni, wanangu, na wewe Lorne acha kutazama saa, theluji haitaifunga barabara kabla sijamaliza. Nyumba ni ya Myrna, maana ndiye aliyeniuguza. Shamba na mashine ya kuvunia ni vya Lorne. Hayo yako kwa mwanasheria na sitaki myagombanie. Ninalotaka kusema ni kuhusu ile jezi.

Mnaijua. Imetundikwa jikoni tangu mwaka 1971, wachezaji wastaafu wa hoki ya barafuni walipokuja kwenye karamu ya hisani pale ukumbini, wazee kumi na wanane, nami nikapita meza kwa meza na kalamu nikiwaomba waweke sahihi kwenye jezi nyeupe ya timu yao. Vitu vyao vingine nilivyokusanya, picha na magongo ya kuchezea, nilivifuata kwa barua na kwa safari, na safari hizo, Lorne, ndizo zilizonifanya nisione hata mechi yako moja. Uliniambia siku ile kwenye gereji, "Baba, mpaka nistaafu ndiyo uniombe sahihi?" Nilicheka. Sikupaswa kucheka.

Mama yenu alitaka jezi ikae mkabala na dirisha la kusini, aione akiosha vyombo, nami sikumkatalia. Jua la majira ya baridi, likiruka juu ya theluji na kuingia ndani, likaula wino. Mwaka wa sita jina la Stan Pawluk lilikuwa limebaki kama doa la kahawa. Nikachukua kalamu nikapitia juu yake polepole, nikifuata alama, na sikuona kosa. Niliona ni sawa na mtu anayepaka rangi upya herufi za kaburi. Januari iliyofuata nikapitia jingine, kisha jingine, hadi yote kumi na manane, mengine mara tatu, na kila mara nilitoka kidogo kwenye njia ya mwenyewe, mpaka njia yenyewe ikapotea.

Sikulijua hilo hadi Oktoba iliyopita, alipokuja Émile Fortier, golikipa wao, wa mwisho aliye hai. Akasimama mbele ya jezi na mkongojo wake, akavaa miwani.

"Orval, hii kaandika nani?"

"Wewe, mzee, siku ile ya karamu. Mdomo umejaa keki."

"Keki naikumbuka. Lakini mimi E yangu naianzia chini, na hii imeanzia juu. Haya yote kaandika mtu mmoja, rafiki yangu."

Nikampa kalamu aandike tena, walau moja iwe ya kweli. Kalamu ikamponyoka vidoleni, ikaangukia kwenye sinki. "Umechelewa, bwana," akasema, tukanywa kahawa.

Ilinipasa niwaambie siku ile ile. Sikusema. Novemba akaja binti wa Stan Pawluk, mama wa miaka sitini, kaendesha gari mwendo wa saa nne. Nyumba yao iliungua, hana hata barua ya baba yake. Akaweka kidole juu ya jina, akalifuata herufi kwa herufi, akalia. Mimi nimeshika kikombe chake, najua ukweli, na namwongezea kahawa. Mlangoni akanishukuru kwa kumtunzia mwandiko wa baba yake. Ulikuwa mwandiko wangu.

Kwa hiyo, Lorne, najua umewaahidi watu wa uwanja mpya wa hoki kuiweka kwenye kabati la kioo. Usiwape. Watakuja watoto na wajukuu wa wale wazee, kila mmoja na kidole chake. Myrna, mpigie yule mama, mwambie ukweli. Mimi nimejaribu mara tano, nikisikia sauti yake nakata. Jezi nivalisheni chini ya koti, nizikwe nayo.

Nipe maji. Kidogo tu, inatosha. Hakuna cha kutengeneza hapa, wanangu, nimeshatafuta. Msidanganye tu kwa niaba yangu. Mungu awalinde nyote wawili... awape kusikilizana, kuliko nilivyosikiliza mimi... Lorne, umesikia? Sema kama umesikia.

Shangazi anasema baba yangu alikuwa akitazama dirishani. Mzee alizikwa mwezi wa Mei, amevaa koti na shati. Jezi baba aliipeleka uwanja mpya, iko nyuma ya kioo, na taa juu yake. Shangazi alimpigia binti wa Stan. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akakata simu, na hakuonekana tena kwetu. Alifariki mwaka 2004. Émile Fortier alifariki kiangazi kile kile cha mazishi. Kati ya wote niliowataja, walio hai ni baba yangu na shangazi yangu. Wanaishi barabara moja na hawasalimiani.