Shoto Kinyozi na Mikono ya Binti Yake

Ndugu, jamaa, majirani na wateja: huyu tunayemsindikiza leo wengi wenu hamkuwahi kumwita kwa jina lingine ila Shoto. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mabasi. Jina hilo alilipatia mezani. Kila alipowekewa kijiko mkono wa kulia alikihamishia kushoto, na mama yetu alipochoka kumchapa vidole akasema, "Basi, mwacheni, huyu ni shoto." Likamganda hadi leo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1976. Mwalimu mkuu alimkalisha dawati la mbele, si kwa ubovu wa macho bali kwa wingi wa maneno. Sekondari aliishia kidato cha pili, baba alipofariki na mwenye mikono miwili akatakiwa kuitumia.

Mwaka 1985 alishika mashine ya kunyolea kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya umeme, na mwaka 1991 akapata chumba chake: viti viwili na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Watu walikwenda kunyolewa, lakini tuseme kweli, walikwenda kumsikiliza. Kila mtu alikuwa na neno lake la kutulizwa. Mwenye upara aliambiwa nywele zimekwenda likizo. Aliyefukuzwa kazi aliambiwa waliomfukuza watamfuata kwa magoti. Shoto hakuweza kumwona mtu ana huzuni akamwacha nayo.

Tarehe 14 Mei 1994 alifunga ndoa na fundi cherehani wa jirani, na mwaka 1996 wakajaliwa binti. Alipokuwa na miaka mitatu, homa ya uti wa mgongo ilimwachia uhai ikachukua usikivu wake. Mama yake alifariki mwaka 2003, na Shoto hakuoa tena. Binti alisoma shule ya bweni ya viziwi, akawa anarudi likizo na mikono iliyojaa maneno ambayo nyumbani hapakuwa na wa kuyapokea. Baba yake alijua ishara za kubuni tu: kula, njoo, lala, acha. Mtoto alipochachamaa na kurusha mikono, Shoto aliishika yote miwili na kumkumbatia mpaka atulie. Alidhani anambembeleza.

Tarehe 17 Septemba 2021 binti huyo, akiwa ameolewa na seremala ambaye naye ni kiziwi, aliingia leba. Alijua kuna jambo haliko sawa, maana mtoto alikuwa ameacha kucheza tumboni. Alisema. Alisema kwa mikono, tena na tena, na wauguzi wakaona mzazi mwenye fujo. Wawili wakamshika mikono, mmoja huku na mmoja huku, wakimwambia atulie. Shoto alikuwa koridoni, anasikia miguno ya mwanawe asijue maana yake. Mtoto alitoka hana uhai. Ni baadaye, kwa kuandikiana na binti yake kwenye karatasi, ndipo Shoto alipojua kilichokuwa kinasemwa mle ndani.

Januari 2022 akajiandikisha kusomea ukalimani wa lugha ya alama. Masomo yalikuwa Jumamosi na Jumapili, katika ukumbi juu ya duka la dawa, na wenzake darasani walikuwa vijana waliomwita babu. Mwalimu alikuwa mwanamke aliyezaliwa kiziwi, mkali kama wembe mpya. Somo la siku ya kwanza lilikuwa hili: usimshike kiziwi mikono anapozungumza, kwa sababu ni sawasawa na kumziba mdomo kwa kiganja. Wenzake waliandika. Shoto aliweka kalamu chini, akaomba ruhusa ya kutoka nje, na hakurudi mpaka kipindi kilipokwisha.

Lakini Jumamosi iliyofuata alikuwepo. Tangu hapo chumba chake cha kunyolea kikawa darasa. Alisimama mbele ya kile kioo chenye ufa, mkono wa kushoto unaongoza, uso unakunjika na kukunjuka, maana lugha ile husemwa na uso pia. Siku moja mteja aliyeachwa amenyolewa nusu kichwa alilalamika, "Shoto, mimi nina harusi saa nane!"

"Ngoja kidogo, kuna neno linanitoroka."

"Na nywele zangu je?"

"Hizo hazina miguu, haziendi popote."

Binti naye alianza kushinda pale, akimsahihisha na kumcheka. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe walikuwa wanagombana kwa maneno kamili, na Shoto alitusimulia ugomvi huo kama mtu anayesimulia ushindi.

Novemba 2023 alifanya mtihani wa vitendo, akafeli. Walimwigizia daktari anayempa mgonjwa kiziwi habari mbaya. Msimamizi akamwambia, "Mzee, daktari amesema hakuna matumaini. Wewe umemwambia mgonjwa atapona."

"Sasa ningemwambiaje vile, mwanangu?"

"Kama alivyosema daktari. Usiongeze, usipunguze."

Wanafunzi wawili waliofaulu waliajiriwa mbali, na mmoja wao mtamwona kwenye televisheni, kile kisanduku cha pembeni. Wengine walikuwa wameshaacha. Mjini hapa alibaki Shoto peke yake, akisubiri kurudia mtihani tarehe 20 Aprili 2024. Hospitali ilikuwa imekubali kwamba akipata cheti ataruhusiwa kuingia leba na binti yake, aliyekuwa mjamzito tena. Dada yake, anayesoma wasifu huu, alishtuka. "Kaka, baba mzazi aingie leba ya mwanawe? Watu watasemaje?"

"Nitasimama upande wa kichwani. Nikiona uso na mikono inanitosha."

"Ni aibu."

"Aibu ilikuwa ile ya koridoni," akajibu, na hakuongeza mzaha wowote, jambo ambalo kwa Shoto halikuwa la kawaida.

Tarehe 11 Aprili, akiwa kazini, mashine ilimdondoka. Kiharusi kilichukua upande wa kushoto wote. Mdomo ulibaki. Aliweza kuzungumza na sisi sote, isipokuwa na yule mmoja aliyemhangaikia. Mkono wa kulia haukuwahi kushika hata kijiko sawasawa, na maneno mengi ya lugha ile yanataka mikono miwili, kwa hiyo yalitoka nusu nusu. Kule wodini alijifundisha upya, na jasho lilimtoka kama mtu anayebeba mizigo.

Mwishoni mwa Mei daktari alikuja na majibu ya vipimo, akamkuta binti kitandani kwa baba yake. "Huyu anasikia?"

"Hasikii. Wewe sema, mimi nitamwambia."

"Mzee, ni habari zako wewe mwenyewe."

"Ndiyo kazi yenyewe, daktari."

Daktari akasema kwamba kiharusi cha pili kinaweza kuja wakati wowote, na kikija mwili hautakihimili. Shoto akaanza kumpa binti yake maneno hayo, moja moja, kwa ule mkono mzembe. Kabla hajafika mwisho, binti aliudaka mkono, akaubana kifuani kwake. Hakuna aliyehitaji kumweleza Shoto maana yake. Alingoja mpaka binti alipouachia, kisha akamalizia sentensi iliyobaki. Hakuongeza, hakupunguza.

Kiharusi hicho kilikuja alfajiri ya tarehe 2 Juni 2024. Tunaambiwa tushukuru kwa kila jambo. Familia imejaribu, na kwa hili haijaweza.

Marehemu ameacha dada mmoja, kaka mmoja, binti, mkwe, na mjukuu anayetarajiwa mwezi Agosti. Upande wa kichwani mwa kitanda cha leba hakuna wa kusimama. Tumeuliza kila mahali, na bado hatujapata.

Binti yake yuko hapa mbele. Wasifu huu anausoma kwenye karatasi kama mlizo nazo, na mwalimu wa marehemu, kiziwi mwenzake, amesimama naye. Tukimaliza mtapita kumpa pole, na familia ina ombi moja. Mguseni bega, inamisheni vichwa, lieni naye, lakini msimshike mikono. Atakuwa na maneno, na sisi tunaosikia hatutayaelewa, kwa sababu wa kutuelewesha ndiye huyu tunayemfukia. Hata hivyo mwacheni aseme.

Mungu ampumzishe kaka yetu, na huko aliko arudishiwe mkono wake wa kushoto.