Bwana Nakala Anafunga Sanduku Lake Mwenyewe

Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu, saa kumi kamili alasiri, Afisa Mkuu wa Maandalizi ya Safari katika kampuni yetu atafunga droo yake, ataivuta mara tatu kuhakikisha imefungika, kisha atastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi. Utumishi huo hauna doa hata moja, na anayebisha aende akapekue mafaili.

Kwa wageni wetu wasiotujua: kazi ya kitengo chetu ni kumwandaa mtalii anayekwenda nchi ya watu ili arudi na vitu vyake vyote, na yeye mwenyewe akiwemo. Mteja hapewi tiketi mpaka ajaze fomu ya maswali arobaini na moja na afisa wa zamu aisaini. Fomu hiyo ni kazi ya mikono ya mstaafu wetu. Alipoajiriwa ilikuwa na maswali sita.

Jina la Bwana Nakala alipewa na dereva wa kampuni katika mwaka wake wa pili kazini, na halikubanduka tena. Kila mteja alitakiwa kutoa nakala nne za pasipoti: moja ikae sandukuni, moja abaki nayo ndugu nyumbani, moja ibaki kwetu, na moja ya kuhakikisha kwamba zile tatu zinafanana. Mashine yetu ya kwanza ya fotokopi ilikufa mikononi mwake. Ya pili imestaafu kabla yake.

Nimekaa naye, meza zetu zikitazamana, kwa miaka kumi na minane, kwa hiyo ninayoyasema nayajua. Somo lake huchukua saa mbili na nusu bila chai. Usimwambie mtu kwamba ndiyo mara yako ya kwanza kufika. Ukiingia hotelini, hesabu milango kutoka chumbani kwako hadi kwenye ngazi. Teksi iliyokutafuta usiipande, panda uliyoiita. Fedha zigawe mifukoni, nyingine zilale kwenye soksi. Na tembea kama mtu aliyechelewa kazini, hata kama hujui unakokwenda.

Wala hakuhubiri asichokifanya. Mama wa mgahawa wa hapo chini akimwona anavua kiatu cha kushoto, anajua chai inalipwa. Kuja kazini alibadilisha njia kila siku ili asizoeleke, mpaka asubuhi moja akapotea kwa dakika arobaini, mitaa miwili tu kutoka hapa, huku akitembea kwa haraka sana.

Mafanikio yake ni mengi, nitataja yale ambayo wahusika wameniruhusu. Mwalimu mkuu mmoja alifuata ushauri wake, akaificha pasipoti mahali ambapo mwizi hawezi kuiona. Mwizi hakuiona. Mwalimu mkuu naye hakuiona, kwa siku tisa, mpaka dobi wa hoteli alipoirudisha ikiwa safi na imepigwa pasi. Katika taarifa ya mwaka, Bwana Nakala aliandika: "Pasipoti zilizoibiwa: hakuna." Kulikuwa pia na wachumba waliokuja kuandaliwa kwa safari ya fungate. Walipofika swali la ishirini na mbili, la nani atabeba funguo na nani atabeba dawa, walinuniana palepale kitini na harusi ikaahirishwa mwezi mzima. Hiyo aliiingiza kwenye safu ya ajali zilizozuiwa. Uongozi ulimpa cheti kwa kuwa hakuna mteja wetu aliyewahi kupotea ugenini, na hakuna aliyeuliza ni wangapi walioghairi safari wakiwa bado kwenye swali la thelathini.

Nisije nikaonekana nimekuja kucheka tu. Fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, alianguka barabarani katika nchi ambayo lugha yake hakuijua hata ya kuombea maji. Ndani ya mkoba wake walikuta karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya nchi ile: ana kisukari, anatumia dawa hizi, dawa hizi humdhuru, namba ya bima yake ni hii. Bwana Nakala alikuwa amemkalisha saa nzima kuiandaa karatasi hiyo, huku mama akilalamika kwamba anakwenda kutalii, haendi kulazwa. Daktari aliisoma, akajua pa kuanzia. Mama alirudi, akaja ofisini, akakaa kwenye kiti cha wateja akalia mpaka tukafunga mlango. Suruali ambayo mstaafu wetu huvaa kila Jumatatu alishonewa na mama huyo.

Sasa nifike penye ugumu. Kwa jinsi anavyozijua nchi za watu, mpaka mlango wa kituo cha treni usiofunguliwa Jumapili, wateja humwuliza amekaa huko miaka mingapi. Yeye hukohoa, kisha huendelea na swali linalofuata. Ofisi nzima inajua na hakuna anayelisema mbele yake: hajawahi kuvuka mpaka. Amechukua pasipoti nne: tatu zimekwisha muda zikiwa nyeupe ndani, na ya nne, ya sasa, ni nyeupe bado.

Si kwamba hana pa kwenda. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, aliolewa ng'ambo miaka ishirini na miwili iliyopita na hawajaonana tangu hapo. Kila Januari alimpigia simu akamwambia, "Mwaka huu njoo." Kila mwaka Bwana Nakala alijaza fomu, na kila mwaka alijipata na kasoro. Mara pasipoti ilibakiza miezi mitano na siku ishirini na tisa, wakati kanuni inataka sita. Mara jengo analoishi dada lilikuwa na ngazi moja tu ya dharura. Mara ndege ilikuwa inabadilishwa kwenye uwanja wenye korido ndefu mno. Tulimcheka, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Januari hii dada alipiga simu. Walisalimiana, wakaulizana afya, wakaagana. Hakumwambia aje. Asubuhi ile mteja alikosea swali la tatu na Bwana Nakala akampitisha, ndipo nikajua mambo yameharibika. Mchana aliniambia bila kunitazama, "Dada amechoka kuniita." Dada huyo ana miaka sabini na sita. Iliniuma, na inaniuma zaidi nikikumbuka nilivyokuwa nikicheka.

Ndiyo maana kamati ya kuagana haikununua saa ya ukutani. Ilinunua tiketi ya Jumamosi asubuhi, kesho yake baada ya sherehe, asipate nafasi ya kujifikiria. Alishukuru, akaenda nayo nyumbani, akarudi na fomu. Kanuni aliyoitunga mwenyewe inamkataza afisa kujisainia, maana kinyozi hajinyoi. Akaiweka mezani kwangu mimi mrithi wake, akasimama.

Majibu yote arobaini na moja yalikuwa kwa ule mwandiko wake wa kunyooka. Penye sababu ya safari, ambapo wengine huandika "matembezi", yeye aliandika "kuomba radhi". Niliposhika kalamu aliinama akaninong'oneza kwamba jibu la thelathini na moja, la ngazi za dharura, halijakamilika, na kwamba kama nataka kuikataa fomu ataelewa. Nikasaini. Ni fomu ya kwanza niliyoipitisha nikijua ina kasoro, na sijutii.

Kanuni inataka pia tumpigie mwenyeji kuthibitisha. Nilimpigia dada, nikajitambulisha, nikamtajia siku na saa ya kufika. Yeye akauliza, "Mdogo wangu ameshapanda ndege?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi usiniambie kitu. Nipigie akishapanda."

Bwana Nakala, sisi wenzako wote tunakushukuru. Wako watu wengi waliorudi salama makwao kwa sababu uliwachosha kwanza. Tunakuombea afya, miguu myepesi na siku nyingi za kukaa na ndugu yako. Jumamosi nitakusindikiza mpaka pale wasiosafiri wanapozuiwa, na sitaondoka hapo. Panda, kaka yetu. Nina simu ya kupiga.