Wimbo wa Kauthar Utapigwa Mara Moja

Assalamu alaykum, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Kauthar Mbarouk wa Mgogoni. Mwimbaji, na mtunzi wa nyimbo zake mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Alifariki Jumatano ya wiki iliyopita kwa selimundu, ugonjwa wa damu aliozaliwa nao. Maneno haya nimeyaandika mara nne na bado hayajakaa sawa, mtanivumilia.

Kauthar ameacha nyimbo nne. Nne tu. Na mpaka jana mchana sikujua kama nitaruhusiwa kupiga hata mmoja.

Sababu ni hii. Siku ya tatu, baada ya hitima, mama yake, Bi Mwatima, alimwita Fahmi, kaka yake Kauthar. Akamwambia nyimbo zote zifutwe mtandaoni, zisimwandikie dhambi kaburini. "Aliyekufa hana tena mkono wa kufuta," alisema. "Sisi tulio hai ndo tumfutie." Fahmi ndiye mwenye nywila ya akaunti yake.

Kauthar alianza na kasida, nyimbo za dini, madrasani. Miaka tisa, sauti nyembamba, anawatangulia wenzake. Mwalimu anamwambia, "Weye, ngoja wenzio." Hangoji. Akiumwa viungo hulala wiki nzima, akiinuka anataka kulipa siku zote kwa siku moja.

Akiwa na miaka kumi na nane akaenda Gombani, kwenye chumba cha kurekodia cha Ridha. Ridha anamkumbuka hivi: "Alikuwa hakai. Kiti kipo, hakikalii. Anaimba anatembea, mie namkimbiza na maiki."

Wimbo wake wa kwanza aliuimba kwa Kiswahili cha wasanii wa mjini, na sauti ya puani. Akamsikilizisha Fahmi. Fahmi akauliza, "Nani huyu? Mbona kama anatangaza vocha?" Kauthar alimnunia siku mbili. Wa pili ukawa vile vile. Wa tatu akaanza kuuimba kwa lafudhi yetu, akaona haya katikati, akarudi kwenye lafudhi ya mjini. Ukiusikiliza unasikia pale alipogeuka.

Halafu ukaja msimu wa karafuu. Wanawake wa Mgogoni wamekaa jamvini wanachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Kauthar kakaa nao. Akasikia ule mkwaruzo wa kiganjani, karafuu zinavyotoka kwenye shada. Akaweka simu chini, akarekodi. Karafuu zilizoanikwa nazo akazipitia kwa mguu, akarekodi. Ndiyo ngoma ya wimbo wa nne. Unaitwa "Makonyo". Humo anaimba kama anavyosema nyumbani: "Usinite, n'nachambua, mkono wangu wanukia."

Ridha alimwambia wapumzike kwanza, waurudie baada ya mwezi. Akamjibu, "Mwezi wako wewe mrefu, wangu sijui." Waliumaliza siku ile ile.

Basi jana nilikwenda Mgogoni kutoa pole na kuomba ruhusa. Bi Mwatima ndiye aliyeniuliza lililonileta. Nikamwambia.

"Unajua kama sijausikia hata mmoja?" akasema. "Nilijua anaimba. Nikajifanya sijui. Fahmi, lete hiyo simu."

Alisikiliza wa kwanza, wa pili, wa tatu. Uso haukubadilika. Wa nne ulipoanza akainua kidole.

"Hizi karafuu mbichi."

Fahmi akasema, "Mama, hizo ni ngoma."

"Ngoma gani, yakhe. Zikikauka hulia kama changarawe. Hizi za siku ya pili juani. Ndo siku ile nilomkuta kasimama juu ya jamvi langu, nikamwambia utazivunja, teremka. Akanambia, 'Mama, nyamaza kidogo.' Nikamgombeza." Akanyamaza yeye. Wimbo ukaisha. Akasema, "Rudisha."

Fahmi aliurudisha mara tatu. Kisha Bi Mwatima akaniambia, "Mmoja huu. Upige mara moja, watu wamjue. Wasirikodi. Halafu zifutwe zote nne. Mie mamake, sina raha mpaka zifutwe."

Fahmi alitoka nje. Aliporudi alisema, "Sawa, mama."

Kwa Bi Mwatima, kwa Fahmi, kwa ukoo wote wa Mgogoni, kwa Ridha: poleni sana. Mwenyezi Mungu amsamehe Kauthar, amlaze pema. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wasikilizaji wapendwa, kipindi kikiisha Fahmi atafuta. Lakini wengi wetu nyimbo hizi tunazo kwenye simu. Hakuna atakayekuja kutukagua. Mama ameomba, na binti aliimba ili asikike. Kila mmoja afikiri mwenyewe. Mimi ninao huu wa nne. Tangu jana naufungua, naufunga, sijaufuta.

Fundi wetu Jabir, uweke tafadhali. Mara moja.